Nyanya za Uani Zikigoma: Dalili, Chanzo na cha Kufanya

Anayelima miche mitano au kumi nyuma ya nyumba, kwenye ndoo au viroba, hukutana na matatizo yale yale ya mkulima wa Ilula au Mwea. Ila yeye ana nafasi ambayo mwenye eka tatu hana: anaweza kuukagua kila mche kila asubuhi. Nafasi hiyo huipoteza pale anapoona jani limejikunja, akaenda moja kwa moja duka la pembejeo na kurudi na chupa ya dawa. Muuzaji hajauona mche. Tena nyanya hizo zitaliwa na watoto wa nyumba hiyo hiyo, mara nyingi mbichi kwenye kachumbari, kwa hiyo dawa isiyohitajika si hasara ya fedha peke yake.

Kabla ya kutafuta dalili yako hapa chini, fanya mambo matatu. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili, ujue kama chini kumekauka au kumelowa. Udongo wa juu hudanganya. Geuza majani uangalie upande wa chini, maana wadudu wengi hukaa huko. Kisha tazama tatizo lilianzia wapi: majani ya chini yaliyozeeka au machipukizi ya juu, mche mmoja au yote kwa pamoja. Miche yote ikibadilika ghafla kwa siku moja, shuku maji, mbolea au dawa iliyopulizwa. Ugonjwa kwa kawaida huanza na mche mmoja, kisha husambaa.

## Miche michanga inaanguka

Shina likiwa jembamba na jeusi usawa wa udongo, mche ukalala, hiyo ni kinyausi. Huletwa na udongo unaolowa muda wote, mbegu zilizobanana na udongo uliokwisha kutumika kitaluni. Mche ulioanguka hauinuki. Okoa iliyobaki kwa kupunguza maji, kumwagilia asubuhi badala ya jioni, na kuondoa kivuli kizito ili hewa ipite. Msimu ujao, mimina maji yanayochemka kwenye udongo wa trei, uache upoe kabisa ndipo usie.

Shina likiwa limekatwa kabisa na kichwa cha mche kimelala pembeni, huyo ni sota. Fukua taratibu kuzunguka shina asubuhi hiyo hiyo, utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja sentimita chache chini. Muue, kisha zungushia miche mingine vipande vya kopo au karatasi ngumu vilivyozama kidogo ardhini.

## Mche mkubwa unanyauka

Hapa ndipo watu hupoteza miche mingi kwa kukosea chanzo, kwa hiyo nenda polepole.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni maji. Mche unaolegea saa saba mchana na kusimama tena jioni mara nyingi hauna ugonjwa. Jua limeushinda kwa muda. Kwenye ndoo ya lita 20 chini ya jua la Februari Dar es Salaam, mche wenye matunda unaweza kuhitaji maji asubuhi na jioni. Mwagilia hadi maji yatoke chini, si kulowesha uso wa udongo. Lakini kidole kikikuta tope na bado mche umelegea, usiongeze hata kikombe. Inua ndoo uangalie mashimo yake: yakiwa yameziba, mizizi inakosa hewa na kuoza, na mche hunyauka ukiwa umesimama majini. Zibua, inua ndoo juu ya mawe mawili, acha udongo ukauke kiasi.

Cha pili ni minyoo fundo. Mche hudumaa, hupauka, hulegea kila mchana hata ukiwa na maji ya kutosha. Huwezi kuujua kwa kutazama majani. Ng'oa ule dhaifu zaidi na uoshe mizizi: ikiwa na manundu manundu, umepata jibu. Kwenye udongo huo usioteshe tena nyanya, bilinganya, bamia wala nyanya chungu kwa misimu kadhaa. Wa kwenye viroba uubadilishe wote.

Cha tatu, na kibaya zaidi, ni mnyauko bakteria. Mche hunyauka ungali kijani kibichi, hausimami hata usiku, na ndani ya siku chache umekufa bila majani kuwa ya njano. Kuna kipimo kinachofanyika jikoni. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kiasi cha sentimita 10, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikigusa maji. Tulia, usitikise. Ndani ya dakika chache, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, ni bakteria.

Hapo simama. Hakuna dawa ya duka itakayouponya mche huo, na anayekuuzia anakupotezea fedha. Ung'oe pamoja na udongo unaozunguka mizizi, uuchome moto, usiutupe kwenye mboji wala kwenye mfereji. Osha jembe, kisu na viatu kwa maji yenye klorini ya kufulia. Bakteria hao hukaa ardhini miaka mingi na husafiri na maji yanayotiririka, kwa hiyo kama bustani yako iko juu ya shamba la jirani la viazi mviringo, mpe habari, na umwite afisa ugani, kwa sababu ugonjwa huo huo hushika viazi, bilinganya na pilipili. Ukiwa na eneo dogo, njia rahisi ni kuhamia kwenye viroba vyenye udongo kutoka mahali ambapo jamii hiyo ya mimea haijawahi kulimwa.

Glasi ikibaki safi, na majani ya chini yalianza njano, pengine upande mmoja tu wa mche, pasua shina kwa urefu. Mistari ya kahawia ndani ni mnyauko wa fuzari, aina ya ukungu wa udongoni. Nao hauponi, lakini unaepukika kwa mbegu. Soma herufi kwenye pakiti: V na F, kama kwenye Roma VF, humaanisha aina hiyo inahimili mnyauko wa vertisili na wa fuzari; N ni minyoo fundo. Watu wengi hununua mbegu kwa picha ya nyanya iliyo juu ya pakiti, na herufi hizo ndizo zingewaokoa.

## Majani yana mabaka au njano

Njano ya majani ya chini kabisa kwenye mche unaoendelea kuzaa ni uzee tu. Njano hiyo ikipanda juu huku mche mzima ukipauka, mche una njaa ya naitrojeni: weka kiganja cha samadi iliyooza vizuri au kijiko kidogo cha mbolea ya CAN, mbali kidogo na shina, kisha mwagilia. Njano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, kwenye majani makuukuu, ni upungufu wa magnesi.

Madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, yanayoanzia chini na kupanda, ni bakajani wahi. Vimelea vyake hurushwa na matone ya mvua kutoka ardhini. Ondoa majani yaliyoshikwa, tandaza nyasi kavu juu ya udongo, simika mche kwenye mti, na mwagilia kwenye mizizi badala ya juu ya majani. Kwa bustani ndogo mara nyingi hilo linatosha.

Bakajani chelewa ni jambo jingine kabisa. Ndio ugonjwa ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na kasi yake haijapungua. Mabaka yake ni makubwa, meusi, kama yaliyomwagiwa mafuta. Asubuhi yenye umande utaona ukungu mweupe upande wa chini wa jani, na tunda hupata baka gumu la kahawia. Hupenda baridi na unyevu: Lushoto, Limuru, Mbeya, au Arusha wakati wa masika. Ukiona majani mawili matatu, yakate saa hiyo, jua likiwa limekausha umande. Viuakuvu vya mankozebu au vya shaba huzuia, haviponyi. Vina maana kabla ugonjwa haujaingia au ukiwa mdogo sana. Nusu ya mche ikishashikwa, ng'oa wote ili uokoe wa jirani yake. Anayelima nyumbani ana kinga bora kuliko dawa: paa dogo la nailoni lililo wazi pembeni, ili majani yasilowe na mvua.

## Majani yanajikunja

Majani ya chini yakijiviringa juu kwa urefu, yakawa magumu lakini ya kijani ile ile, usifanye kitu. Ni joto, ukavu au umepogolea kwa wingi. Mche utazaa.

Machipukizi ya juu yakiwa madogo, yamejikunja juu kama kikombe, kingo zake njano, na mche umeacha kurefuka, huo ni ugonjwa wa virusi ambao wakulima wengi wa Tanzania wanauita rasta. Gusa mche: vidudu vidogo vyeupe vikiruka, umewaona wanaoubeba, inzi weupe. Mche wenye rasta hauponi. Uliopata kabla ya kutoa maua hautakupa chochote cha maana, na ukiuacha unakuwa ghala la virusi kwa miche mingine. Ufunike kwa mfuko kwanza ili inzi wasitawanyike, ndipo uung'oe. Kinga ni kufunika kitalu kwa neti ya matundu madogo sana tangu siku ya kusia. Chandarua cha mbu hakifai, inzi hawa wanapita kwenye matundu yake. Zipo pia aina za mbegu zinazohimili. Tafuta kwenye pakiti herufi TYLCV, kifupi cha jina la Kiingereza la virusi hivyo.

Majani yakiwa membamba na kusokotwa kama kamba, miche yote kwa wakati mmoja, uliza kama jirani amepuliza dawa ya magugu siku za karibuni. Upepo huibeba mbali.

## Michirizi na mabaka ya uwazi kwenye majani

Mnamo 2014 nondo kutoka Amerika Kusini, Tuta absoluta, alifika Tanzania, na wakulima wakampa jina la kantangaze. Inua jani ulitazame dhidi ya jua. Kantangaze huacha baka pana la uwazi, na ndani yake vinyesi vyeusi au kiwavi mwenyewe. Mstari mwembamba unaozunguka zunguka bila kupanuka ni wa mchimba majani wa kawaida, ambaye hasara yake ni ndogo. Kwa huyo huhitaji dawa.

Kwa kantangaze, mikono yako inaweza kazi ambayo mwenye shamba kubwa haiwezi. Kila asubuhi chuma majani yenye mabaka na matunda yenye vitundu, uyatie kwenye mfuko uliofungwa kabisa, uuache juani mpaka vilivyomo vife. Usiyatupe chini, kiwavi atatoka na kujificha udongoni. Angalia pia bilinganya, viazi na mnavu ulio karibu, kwa sababu huzaliana humo. Mtego wa feromoni (harufu inayowavuta madume) juu ya beseni la maji ya sabuni hunasa madume na kukuonyesha wingi wao, ingawa peke yake haumalizi tatizo. Dawa nyingi za zamani zimeshazoeleka na mdudu huyu. Ukifikia hatua ya kupuliza, muulize afisa ugani ni kiuatilifu gani kinachofanya kazi eneo lako kwa sasa.

Vijidoa vidogo vya njano, majani yenye rangi ya shaba na utando mwembamba, hasa kiangazi: utitiri mwekundu. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe, vijidoa vikitembea ndio wenyewe. Oshea upande wa chini wa majani kwa maji yenye nguvu siku kadhaa mfululizo. Dawa za kawaida za wadudu huua wanaowala utitiri na kuwaacha wenyewe wakistawi.

## Maua yanapukutika

Pwani, jibu la kwanza ni joto. Mchana ukipita nyuzi 32 hivi na usiku ukabaki juu ya nyuzi 24, chavua huharibika na ua hudondoka. Ndiyo maana nyanya ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa inayochanua Januari hukatisha tamaa hata kwa mwenye mkono mzuri. Sia Aprili au Mei chini ya kifuniko cha mvua, ili maua yatoke Juni hadi Agosti. Milimani ni kinyume chake: usiku ulio chini ya nyuzi 13, kama Njombe mwezi wa Julai, nao huzuia tunda kufunga.

Mche ukiwa mkubwa, kijani iliyokoza, majani tele na maua machache, umeulisha urea au mavi ya kuku kupita kiasi. Acha naitrojeni, mwagilia tu. Kisha hesabu saa za jua: chini ya saa sita kwa siku hutapata mavuno, na kivuli cha mwembe hakirekebishwi kwa mbolea. Mwisho, uani kulikozungukwa na kuta, upepo na nyuki ni wachache. Tikisa mashada ya maua kwa kidole kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

## Tunda linaoza kitako

Baka jeusi, kavu, lililobonyea chini ya tunda, hasa matunda ya kwanza. Watu hulipulizia dawa ya ukungu. Si ugonjwa, haliambukizi, na dawa hiyo haina la kufanya. Tunda limekosa kalisi (kalsiamu), na mara nyingi kalisi imo udongoni ila maji ya kuibeba yalikatika: siku mbili ukame, siku ya tatu mafuriko. Hivyo anza na ratiba ya maji, kiasi kile kile kila siku, na matandazo ya nyasi ya unene wa vidole vinne. Chuma yaliyooza, yanayofuata yatatoka mazima.

Yakiendelea, onja maji yako. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na chumvi huuzuia mzizi kunywa hata udongo ukiwa umelowa. Alama zake ni ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za majani zilizoungua. Kinga maji ya mvua, na kila wiki mwaga maji matamu mengi kwenye ndoo mpaka yatiririke chini yakiondoka na chumvi.

Maganda ya mayai huchukua miezi mingi kuoza. Yaweke kabla ya kupanda, hayaokoi tunda la wiki hii. Chokaa usiweke kwa kubahatisha. Kama eneo zima lina tatizo hili msimu baada ya msimu, peleka udongo ukapimwe: chuo kikuu cha kilimo cha SUA Morogoro, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga, au taasisi ya utafiti ya KALRO kwa walio Kenya.

Nyanya zinazopasuka zina chanzo hicho hicho cha maji ya ghafla baada ya ukame. Baka jeupe kama karatasi upande wa jua ni kuungua, umeondoa majani mengi. Tundu kubwa moja karibu na kikonyo, kiwavi mnene ndani, ni funza wa matunda. Vitundu vidogo vingi ni kantangaze tena.

## Ukishapuliza dawa

Lebo ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Zifuate hata kama nyanya zinaivia mtini, kwa sababu kuosha hakuondoi dawa iliyoingia ndani ya tunda. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo. Aliyepuliza akianza kutokwa jasho na mate mengi, kichefuchefu, kuona kiwi au kutetemeka, mtoe eneo hilo, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, umpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenye lebo. Aliyekunywa dawa asitapishwe nyumbani.

## Hazigeuki nyekundu

Juu ya nyuzi 30 hivi tunda hushindwa kutengeneza wekundu, hubaki la machungwa au na mabega ya njano. Kuuondolea mche majani ili jua lifike huzidisha tatizo. Chuma pale kitako kinapoanza kupata weupe wa waridi, uyaivishie ndani mahali penye kivuli na hewa. Ndizi mbivu kwenye kikapu hicho huharakisha. Friji iache kwa zilizoiva kabisa, maana ya kijani ikikaa kwenye baridi chini ya nyuzi 12 haitaiva vizuri wala kupata ladha.

Mche ukifa mapema, chuma na ya kijani yaliyokomaa, yanayong'aa na yaliyojaa. Yenye baka la bakajani chelewa yatenge siku hiyo hiyo, yataoza kikapuni na kuambukiza mengine.